Picha 400 za Lodwar ya zamani na wazee wanaozijua: nianzie wapi?

"Mimi ni mwalimu hapa Lodwar. Mpiga picha mmoja wa zamani alifariki, na watoto wake wamenikabidhi sanduku lenye picha kama 400 na bahasha kadhaa za negativu, kuanzia kabla ya Uhuru hadi miaka ya 1990. Nyingine zimejikunja kama majani makavu, nyingine zimeganda kwenye albamu. Nimepanga kuzipiga kwa simu, nizipandishe Facebook ili watu wataje majina, kisha zile halisi nizitie laminesheni zisiharibike zaidi. Nataka pia kurekodi wazee. Juzi nilimwonyesha mzee mmoja picha iliyoandikwa nyuma 'Kenyatta, Lodwar'. Alicheka, akasema hapo si Lodwar. Kama maandishi ya nyuma hayaaminiki, nimwamini nani? Na nianzie wapi?"

Mwalimu, kabla ya yote, iache hiyo mashine ya laminesheni. Mengine yote uliyopanga yanaweza kurekebishwa, lakini hilo halirudi nyuma. Mashine ile huyeyusha gundi kwa joto la zaidi ya nyuzi 100, na gundi inaingia kwenye uso wa picha na kubaki humo. Picha ikianza kubadilika ndani ya plastiki hakuna atakayeweza kuitoa bila kuichana. Laminesheni ni ya cheti cha kuzaliwa kilichotolewa nakala, si ya picha iliyobaki moja duniani.

Naona una hofu mbili ulizozifunga pamoja. Ya kwanza ni ya karatasi: picha zitaoza, zitapauka, zitachanika. Ya pili ni ya maneno: nani yuko pichani, ni wapi, ni lini, na nani wa kuaminiwa. Watu wengi hushughulikia ya kwanza kwa miezi sita, wakiskani picha baada ya picha, na wakija kwenye ya pili wanakuta wazee watatu wamezikwa. Geuza mpangilio. Picha ikitunzwa kwa namna rahisi nitakayoeleza inaweza kusubiri miaka mingine kumi. Mzee wa miaka 85 hasubiri.

Kuna imani kwamba Lodwar ni kukavu, kwa hiyo karatasi haiharibiki. Ni kweli nusu. Ukavu umewaokoa na ukungu, ule unaokula picha za Mombasa na Lamu. Lakini picha si karatasi tupu. Ni karatasi iliyopakwa utando wa jelatini, kitu kilekile kinachotokana na ngozi na mifupa ya mifugo, na ndani ya utando huo ndimo ilimo fedha au rangi inayofanya sura. Hewa ikiwa kavu, jelatini husinyaa kuliko karatasi iliyo chini yake, na upande wa sura unaivuta picha ijikunje. Ndiyo yale majani makavu uliyoyaona. Mvua ikinyesha ghafla na chumba kikapata unyevu, utando huvimba tena. Ukirudia hivyo misimu thelathini, unapasuka mistari myembamba.

Joto nalo lina kazi yake. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hupauka hata zikiwa gizani, kwa sababu rangi zake ni kemikali zinazovunjika polepole, na joto huharakisha. Katika nyingi za zama hizo rangi ya samawati ndiyo hutangulia kufa, ndiyo maana picha za harusi za wakati ule zimekuwa nyekundu-nyekundu kama zimepigwa kwenye vumbi la Kakuma. Za nyeusi na nyeupe ni ngumu zaidi. Kwa hiyo ukiwa na muda mchache, nakili za rangi kwanza, ingawa macho yatakuvuta kwenye zile za zamani.

Kuhusu kuzihifadhi, huhitaji chumba chenye kiyoyozi. Unahitaji mahali ambapo joto halipandi na kushuka sana. Usiziweke chini ya mabati moja kwa moja, wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Chumba cha katikati ya nyumba, kabati la chuma, rafu iliyoinuka sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na maji ya mafuriko, inatosha. Kila picha ipate bahasha yake ya karatasi. Ukikosa zile maalumu zisizo na asidi, kunja karatasi nyeupe nzuri ya fotokopi. Usitumie bahasha za kaki, wala plastiki laini inayonukia kama pazia jipya la bafu, kwa sababu hiyo ni PVC na hutoa mvuke unaoshambulia picha. Namba na maelezo andika kwenye bahasha kabla ya kuingiza picha. Ukilazimika kuandika nyuma ya picha, tumia penseli laini, pembeni, picha ikiwa imelazwa kwenye kioo safi. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele.

Vumbi la Lodwar nalo usilifute kwa kitambaa. Lina chembe za mchanga ngumu kuliko jelatini, na kufuta ni kupiga msasa. Pulizia kwa pampu ya mpira ya mkono, ile ya kusafishia lenzi, kisha pitisha brashi laini ya rangi, mpya, upande mmoja tu. Usitumie maji, mate, wala spiriti.

Zilizojikunja usizipige pasi wala kuzikunja kinyume, zitapasuka. Kwa picha za nyeusi na nyeupe za karatasi nene ya zamani, kuna njia ya nyumbani. Chukua beseni la plastiki lenye kifuniko, weka sponji lenye maji chini, juu yake wavu au rafu ndogo isiyogusa maji, halafu picha juu ya wavu, sura ikitazama juu. Funika. Angalia kila nusu saa. Kwa kawaida kati ya saa mbili na nne karatasi hulegea yenyewe. Itoe, iweke kati ya karatasi safi za kufyonza, weka kitabu kizito juu, uiache siku mbili. Jaribu kwanza na picha moja isiyo na thamani. Ikionekana inang'aa kwa unyevu au inanata kidoleni, umechelewa kuitoa. Iache wazi ikauke bila kuguswa, na usiendelee na nyingine. Za rangi na zile zenye mgongo wa plastiki usizitie humo kabisa.

Zilizoganda kwenye albamu ya gundi, piga kwanza picha ya ukurasa mzima jinsi ulivyo, maana mpangilio wa mwenye albamu ni habari pia: nani amewekwa karibu na nani. Kisha inua nailoni ya juu polepole, na ujaribu kupitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta chini ya picha, kama unayekata ugali kwa uzi. Ukikataa kupita, acha. Iskani ikiwa hapohapo.

Sasa kunakili. Namba kwanza, picha baadaye. Chagua namba fupi, mfano LDW-0001, na usiweke maana nyingine ndani yake. Atakayeandika "LDW-harusi-1974" atajuta siku harusi itakapogeuka kuwa ubatizo. Mbele iwe LDW-0001a, nyuma iwe LDW-0001b. Ndiyo, skani na nyuma, hata kama ni tupu, kwa sababu muhuri wa studio, jina la kampuni ya karatasi na mwandiko vyote ni ushahidi. Ukipata skana ya meza, nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, na zile ndogo za sentimita 6 kwa 9 zipe 1200. Skani kwa rangi hata zile za nyeusi na nyeupe. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza chochote cha picha, na uzime kila kitufe cha kurekebisha rangi na kuondoa madoa. Kusafisha sura kufanyike kwenye nakala ya pili, kamwe si kwenye faili mama. Faili moja ya 10 kwa 15 itakuwa kama megabaiti 26, kwa hiyo picha 400, mbele na nyuma, ni kama gigabaiti 21. Si mzigo mkubwa. Futa kioo cha skana kila baada ya picha kumi, vinginevyo punje moja ya mchanga itaonekana kwenye anga la picha zote za siku hiyo.

Simu inafaa pia, ukiibana kwenye stendi ikitazama chini sambamba na picha, kivulini, bila flashi, na rula pembeni. Kinachoharibu si simu bali kutumiana kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hapo faili inabanwa na kupoteza mengi. Itoe kwa waya, au itume kama hati.

Negativu zinahitaji pua yako. Fungua kila bahasha unuse. Zikinuka siki, plastiki yake imeanza kuvunjika na kutoa asidi, na mvuke huo huambukiza jirani zake. Zitenge siku hiyohiyo, kwenye karatasi si kwenye kopo lililofungwa, na ziwe za kwanza kunakiliwa, hata kabla ya picha za rangi.

Nirudi kwa mzee aliyecheka. Yeye na yule aliyeandika nyuma ya picha ni mashahidi wawili, na kazi yako si kumchagua mmoja na kumfuta mwingine. Anza na tarehe tusizobishania. Kenyatta alihukumiwa Kapenguria Aprili 1953, akapelekwa Lokitaung pamoja na wenzake, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba. Aprili 1959 alimaliza kifungo akahamishiwa Lodwar, si kama mfungwa tena bali kama mtu aliyewekewa mipaka. Aprili 1961 akapelekwa Maralal, na Agosti mwaka huohuo akarudi Gatundu. Kwa hiyo maneno "Kenyatta, Lodwar" yanaweza kuwa kweli kwa miaka miwili tu. Picha nyingi za Kenyatta wa siku hizo zilizozagaa ni za Maralal, ambako waandishi wa habari waliruhusiwa kumwona kwa wingi mara alipofikishwa. Tazama pichani. Je, kuna umati wa waandishi? Watu wamevaa makoti mazito? Nyuma kuna miti ya nyanda za juu, au mikoma na migunga ya kando ya mto Turkwel? Nyumba aliyokaa Lodwar ingali imehifadhiwa. Beba nakala, simama mbele yake, linganisha madirisha, baraza na mwinuko wa paa. Dakika kumi za kusimama pale zina uzito kuliko wiki ya mabishano.

Kisha kwenye daftari lako andika hivi: "Maandishi nyuma: Kenyatta, Lodwar. Mzee, mahojiano ya tarehe fulani, dakika ya 23: si Lodwar. Ukaguzi wa nyumba: haifanani. Hali: pengine Maralal, haijathibitishwa." Usiandike jibu peke yake. Atakayekuja baada yako akiwa na ushahidi bora ataona ulikotoka.

Usimwonyeshe mzee picha 400. Chagua nane hadi kumi na mbili, uzichapishe kubwa, ukubwa wa A4, kwa sababu macho mengi hayaoni tena picha ya kiganjani na skrini ya simu hung'aa juani. Zile halisi ziache kabatini. Mpe azipange mezani au kwenye mkeka apendavyo. Usiseme, "Huyu ni chifu fulani, sivyo?" Mzee mwenye adabu atakukubalia tu. Uliza, "Unaona nini hapa?" kisha nyamaza, hesabu kumi moyoni. Mara nyingi jambo la maana huja baada ya kimya, na halimhusu mtu aliye katikati ya picha: linahusu kile kisima cha nyuma, lori lililoegeshwa, ekicholong, kile kigoda cha Kiturkana, alichoshika mtu wa pembeni. Kwenye picha ya kundi, mwombe ataje majina kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya mbele kwanza, na wewe useme kwa sauti, "Sasa tuko LDW-0147, safu ya mbele." Usipoitaja namba kwenye rekodi, mwaka mmoja baadaye utasikia "huyu hapa ndiye aliyeleta duka la kwanza" na hutajua huyu ni yupi.

Kuhusu miaka, usimlazimishe mzee akupe tarakimu. Waturkana huipa miaka majina kwa kilichotokea, na jina hilo ni sahihi kuliko "kama 1975 hivi". Akisema ilikuwa wakati wa Lopiar, yaani wa kufagiliwa, ujue ni ule ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi wa 1979 hadi 1981. Andika jina kama alivyolitamka, kisha pembeni mwaka unaokadiria. Muulize pia yeye ni wa upande upi kati ya pande mbili za wanaume wa Kiturkana, Ng'imor (mawe) au Ng'irisai (chui), na baba yake alikuwa upande upi. Kwa kuwa mtoto wa kiume huingia upande usio wa baba yake, utaweza kupanga vizazi hata pale umri haujulikani. Kisha pambanisha na picha: namba ya gari yenye herufi tatu bila herufi ya mwisho ni ya kabla ya mfumo wa KAA 001A ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Picha ya rangi ya mraba, yenye ukingo mweupe, mara nyingi ni ya baada ya 1963, mwaka kamera za Instamatic zilipotoka, ingawa hilo peke yake si uthibitisho. Na barua au bango lililoandikwa Ziwa Rudolf si la juzi, kwani jina la Ziwa Turkana lilianza kutumika rasmi mwaka 1975.

Acha kila mmoja aseme kwa lugha anayoota nayo. Mzee akijilazimisha kusema Kiswahili atakupa muhtasari. Kwa Ng'aturkana, yaani Kiturkana, atakupa maneno ya watu jinsi yalivyosemwa. Kama wewe huisikii vizuri, nenda na kijana wa familia, na tafsiri yake iingie kwenye rekodi hiyohiyo. Kwenye kuandika, Ng'aturkana kwanza, Kiswahili chini yake. Saa moja ya sauti hula saa tano hadi nane za kuandika, na zaidi kukiwa na tafsiri. Ukishindwa, usikate tamaa: tengeneza faharasa, mstari mmoja kwa kila dakika tano, ukitaja namba za picha. Hiyo peke yake huifanya rekodi itumike.

Rekodi kwa WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24. Saa moja ya stereo ni karibu gigabaiti moja. Simu nzuri yenye maikrofoni ya kubana kwenye shuka, sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo, inashinda kinasa sauti ghali kilichowekwa mezani mbali. Weka simu katika hali ya ndegeni. Upepo wa kwenu unahitaji kizuizi cha manyoya, sponji peke yake haitoshi. Zima feni. Nyumba ya mabati inapoanza kupata joto asubuhi hulia kwa milio ya kukatika-katika ambayo sikio huzoea lakini rekodi haisamehi, basi afadhali chini ya makuti au ndani ya nyumba ya udongo yenye mikeka. Rekodi sekunde thelathini za majaribio, usikilize kwa visikizi, ndipo uanze. Dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa kikao. Mzee akichoka huanza kufupisha.

Facebook nisingeikataza, ila iwe ya mwisho. Mtu wa kwanza akiandika jina lisilo sahihi, hamsini watalirudia, na ukienda kwa mzee utakuta wajukuu wameshamsomea. Tena kuna hatari isiyo ya kitaaluma. Wazee watakusimulia uvamizi wa mifugo, na watataja majina. Majirani wa pande zote bado wana makovu, na wengine bado wana bunduki. Rekodi ya namna hiyo ifungiwe kwa miaka mtakayokubaliana, na nakala ya kusambazwa isiwe na jina. Vivyo hivyo makaburi, mahali pa ibada na maneno ya emuron, yaani mtabiri wa Kiturkana. Omba ridhaa mara tatu tofauti: ya kurekodi, ya kuhifadhi, ya kuweka mtandaoni. Asiyesoma aseme kwa mdomo, ndani ya rekodi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu walio hai pichani, na haki ya picha nchini Kenya huchukua miaka 50 baada ya kupigwa au kuchapishwa, kwa hiyo huenda sehemu kubwa ya sanduku lako bado ina mwenyewe. Andikianeni na watoto wa marehemu: umepokea ngapi, utarudisha lini, nani anaruhusu matumizi.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya Lodwar, kwa ndugu Kitale au Eldoret. Flashi ya USB ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Diski usiiache ndani ya gari mchana. Fungua faili kumi za kubahatisha kila Januari uone kama zinafunguka.

Kuna mahali pa kusimama na kutafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Picha zilizoshikana kuwa tofali moja, negativu za kioo, filamu za sinema, chochote chenye ukungu wa unga au siki kali: usijaribu, zifunge kwa karatasi na uwasiliane na Nyaraka za Taifa au Makumbusho ya Taifa, Nairobi, uulize mhifadhi kabla ya kusafirisha. Ukifika Nyaraka, omba pia ripoti za mwaka za wilaya ya Turkana, utapata majina ya maafisa na tarehe za majengo za kulinganisha na picha zako. Kuhusu haki, muone wakili kabla ya kuuza hata kadi moja. Na mama unayemhoji akianza kutetemeka kwa kumbukumbu ya watoto aliowapoteza, zima kinasa, muulize angependa nani akae naye, umfuate nesi au mshauri wa karibu. Picha hiyo usimwonyeshe tena isipokuwa akiiomba mwenyewe.

Wiki hii, basi, hesabu picha mbele ya watoto wa marehemu na mtie sahihi. Zitoe kwenye sanduku, zinuse negativu, ziweke kabatini. Chagua kumi, chapisha kwa A4, na ya Kenyatta iwe mojawapo. Rudi kwa yule mzee aliyecheka, kinasa kikiwa kimewashwa, umuulize ni nini hasa pichani kilichomchekesha.